Uzi: Kuchagua holsta salama kwa anayebeba bastola ndani ya nguo

MwalimuShabaha (mwanzisha uzi)

Wakuu, nawasalimu nyote. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwafundisha shabaha watu wenye vibali halali vya kumiliki bastola, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni bastola ya aina gani inafaa kununuliwa. Ni mara chache sana mtu huniuliza ataibeba ndani ya kitu gani. Wengi hufika uwanjani wakiwa na silaha ya bei kubwa waliyoitia kwenye kifuko laini cha kitambaa walichopewa kama nyongeza, na wapo wanaoichomeka tu kati ya suruali na kiuno. Kwa hiyo nimeona nilieleze jambo hili kwa kirefu, kwa kuwa holsta, yaani mkoba wa kubebea bastola mwilini, ndiyo inayoamua kama silaha itatulia siku nzima au itamjeruhi mwenyewe kabla hata adui hajatokea.

Kisa kinachojulikana sana ni cha Plaxico Burress, mchezaji wa mpira wa miguu wa Kimarekani aliyekuwa katika timu ya New York Giants. Usiku mmoja wa Novemba 2008 aliingia katika klabu ya starehe jijini New York akiwa ameichomeka Glock yake kiunoni bila holsta. Bastola iliteleza ikashukia ndani ya mguu wa suruali, akajaribu kuidaka, kifyatulio kikabonyea na risasi ikampiga pajani. Alipona, lakini mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kosa la silaha, kwa sababu hakuwa na kibali cha kuibeba katika jiji hilo. Tuliache suala la kibali, ambalo kila mmoja wetu analazimika kulifuata kwa sheria ya nchi yake. Ninachotaka tukitazame ni namna risasi ile ilivyotoka. Bastola haikuwa mbovu. Ilifanya kile ilichoundwa kufanya pale kifyatulio kilipobonyezwa, na kilichokosekana ni ukuta wa kukizuia kisibonyezwe.

Hapo ndipo ilipo kazi ya kwanza ya holsta, ambayo wauzaji wengi huitaja mwisho, baada ya rangi na wepesi wa kuchomoa. Bastola nyingi za kisasa hufuata mtindo ulioenezwa na Glock tangu mwaka 1982: hazina kizuizi cha usalama cha pembeni cha kupandisha na kushusha kwa kidole gumba, na usalama wake wa nje umo ndani ya kifyatulio chenyewe. Nguvu ya kukivuta kifyatulio cha aina hiyo ni takriban kilo mbili na nusu, na safari yake ni zaidi kidogo ya sentimita moja. Kifyatulio hakitofautishi kidole na pindo la shati. Chochote kinachoingia ndani ya ile pete inayokizunguka, kikasukumwa kwa nguvu hiyo na kwa umbali huo, kitafyatua risasi.

Kwa sababu hiyo, holsta yoyote ambayo haiifuniki pete ya kifyatulio yote, pande zote mbili, mimi siijadili zaidi, hata iwe imeshonwa vizuri namna gani. Kufunika peke yake nako hakutoshi, kwa kuwa kitambaa kinaweza kufunika na bado kikaruhusu kifyatulio kubonyezwa kutoka nje. Kifunikacho lazima kiwe kigumu kiasi kwamba ukikandamiza kwa kidole gumba juu ya eneo la kifyatulio, kwa nguvu zako zote, hakuna kinachosogea ndani. Ngozi iliyozeeka na kulainika huleta hatari ya namna yake: sehemu ya mdomo hujikunja kuelekea ndani, na siku moja mwenye bastola anapoirudisha, mkunjo ule huingia kwenye pete na kufanya kazi ya kidole. Ajali za namna hiyo zimetokea, na waliopatwa nazo walikuwa wamekitoa kidole chao kabisa kwenye kifyatulio, kama walivyofundishwa.

Jambo ambalo ningependa kila msomaji aondoke nalo ni kwamba holsta huchaguliwa kwa kutazama namna bastola inavyorudi ndani yake. Wanunuzi hutazama inavyotoka. Dukani mtu huivaa, huichomoa bastola mara tano kwa haraka, hutabasamu na kulipa. Lakini wakati wa kuchomoa, bastola inaondoka kwenye nguo na mtutu unaelekea mbele, mbali na mwili. Wakati wa kurudisha, mtutu unauelekea mwili au unapita karibu nao sana, nguo zimelegea, mkono umechoka, na akili tayari inaamini kwamba kazi imekwisha. Ajali zote zilizonikosakosa uwanjani, bila kubakiza hata moja, zilikuwa za kurudisha.

Nitawasimulia moja. Mwanafunzi mmoja alivaa koti jepesi lenye kamba za kukazia kiunoni, zile zenye kishikizo cha plastiki mwishoni. Alilenga vizuri, akapumua, kisha akaanza kuirudisha bastola huku macho yake yakiwa bado kwenye karatasi ya shabaha akihesabu matundu. Kishikizo kilikuwa kimeshaingia ndani ya pete ya kifyatulio. Nilipaza sauti asimame, naye kwa bahati njema ni mtu wa kusikia, akasimama palepale. Tulipoitoa bastola taratibu tukakuta kamba imekwisha kukaza, na risasi ilikuwa ndani ya chemba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kufyatuliwa. Tangu siku hiyo, anayekuja kwangu na koti la kamba huzikata kamba hizo au huliacha koti nje ya uwanja, na sijali kama ataniona mkali.

Kutokana na hilo linafuata sharti la pili, kwamba mdomo wa holsta ubaki wazi bastola inapokuwa nje. Holsta inayovaliwa ndani ya suruali hubanwa na mkanda, na iliyo laini hujifunga kama mfuko mtupu. Mwenye bastola hulazimika kuupanua mdomo kwa vidole vya mkono wa pili, na hapo mtutu unapita juu ya vidole vyake mwenyewe, au huutumia mtutu wenyewe kama koleo la kuchimbulia nafasi. Jeff Cooper, Mmarekani aliyezieneza zile kanuni nne za usalama wa silaha zinazofundishwa karibu kila mahali, alikataza mtutu kuelekezwa kwenye kitu ambacho mwenye silaha hayuko tayari kukiharibu. Holsta inayojifunga humlazimisha mwenye bastola kuivunja kanuni hiyo kila siku.

Sharti la tatu ni kushika. Mwezi Juni 2018, ofisa mmoja wa FBI aliyekuwa nje ya kazi alikuwa akicheza dansi katika baa mjini Denver, akapiga pindu la kinyumenyume, na bastola ikamchomoka kiunoni ikaanguka sakafuni. Aliikimbilia kuiokota, na katika kuikamata risasi ikatoka na kumjeruhi mtu mguuni. Kisa hicho kina mafunzo mawili. Holsta lazima iishike bastola hata mwili unapopinduka, na bastola ikianguka iachwe ifike chini, itulie, ndipo iokotwe kwa kushikwa mpini tu. Bastola nyingi za kisasa zina kizuizi cha ndani kinachozizuia kufyatuka kwa kuanguka, ilhali mkono unaoidaka hewani hauna kizuizi chochote.

Sharti la nne ni kwamba holsta yenyewe ikae kwenye mkanda na isitoke pamoja na bastola. Nimeona mtu akichomoa na kujikuta anamlenga mwenziwe kwa bastola iliyo bado ndani ya holsta, kwa kuwa kibanio chake kilikuwa cha kushikilia karatasi kuliko kushikilia silaha. Kibanio kipite chini ya mkanda na kuukamata ukingo wake wa chini, nao upana wake ulingane na wa mkanda. Mikanda ya kazi hii mara nyingi huwa na upana wa milimita 38 na huwa migumu kwa makusudi. Bastola ya ukubwa wa kati kama Glock 19 ikiwa imejaa risasi ina uzito wa takriban gramu 850, na mkanda wa kawaida wa suruali hupinda chini ya uzito huo, mpini ukainamia nje na kujionyesha kwenye shati. Mtu anayelalamika kwamba holsta yake haifichi, mara nyingi tatizo lake ni mkanda.

Kuhusu nyenzo, sitatumia maneno mengi. Kydex ni plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1965 kwa ajili ya sehemu za ndani za ndege. Hupashwa moto, ikalainika, ikagandamizwa juu ya kielelezo cha bastola husika hadi ikalichukua umbo lake. Hailoani kwa jasho na haibadiliki umbo kwa matumizi, ingawa ukiiacha juu ya dashibodi ya gari lililofungwa kwenye jua kali inaweza kupinda, na iliyopinda usijaribu kuinyoosha mwenyewe. Ngozi nzuri hufinyangwa ikiwa imeloweshwa, nayo huukubali mwili zaidi. Zote mbili zinafaa zikiwa zimetengenezwa kwa ajili ya bastola yako kwa jina na namba ya modeli yake. Ile ya nailoni inayodaiwa kuingia bastola zote haijaifuata bastola yoyote, na kwa maoni yangu haipaswi kuvaliwa na bastola yenye risasi.

Mwenye taa chini ya mtutu awe mwangalifu zaidi. Holsta yake hufinyangwa kulifuata umbo la taa, na kwa kuwa taa ni pana kuliko bastola, hubaki nafasi karibu na kifyatulio ambayo kwenye holsta ya kawaida haipo. Nafasi hiyo ikitosha kidole cha mtoto, inatosha pia pindo la fulana.

Mahali pa kuvaa kila mtu ana pake. Nyonga ya upande wa mkono wenye nguvu, nyuma kidogo ya mshono wa suruali, ndipo ninapompeleka mtu mpya, kwa sababu anaporudisha, mtutu unaweza kuelekea ardhini nje ya mwili. Mbele ya tumbo, karibu na kinena, panaficha vizuri na panalindika, lakini mtutu unaelekea pajani ulipo mshipa mkubwa wa damu, kwa hiyo mahali hapo hapamsamehi aliyezembea. Katikati ya mgongo sipashauri kabisa, kwani ukianguka chali unaangukia chuma juu ya uti wa mgongo. Holsta ya kwapani yenye mtutu uliolala huwaelekea watu walio nyuma yako, ya kifundo cha mguu ni ya polepole na humlazimu mtu kuinama, na ya mfukoni inakubalika endapo tu ni ngumu sehemu ya kifyatulio, inabaki mfukoni bastola inapotoka, na mfuko huo hauna funguo, sarafu wala kalamu.

Sasa namna ya kuipima kabla ya kuiamini. Toa magazini, yaani kile kibweta cha risasi kinachoingia mpinini, vuta nyuma slaidi, sehemu ya juu ya bastola inayosogea, tazama chemba na uiguse kwa kidole kuhakikisha ni tupu, kisha peleka risasi zote chumba kingine. Weka bastola ndani ya holsta na ubonyeze kutoka nje kila mahali panapozunguka kifyatulio. Igeuze holsta juu chini juu ya godoro, uitikise kwa nguvu, na bastola isianguke. Ivae, kaza mkanda kama unavyoukaza siku zote, chomoa, kisha uketi kwenye kiti cha chini na utazame kama mdomo bado uko wazi. Irudishe kwa mkono mmoja bila msaada wa mkono wa pili. Jaribu kushika mpini wote kwa mshiko uleule wa kufyatulia bastola ikiwa bado ndani. Kama vidole vinagonga mkanda au ukingo wa holsta, utachomoa kwa mshiko mbaya, ukaurekebisha hewani, na kidole kitatafuta pa kushika. Baada ya hapo kaa nayo nyumbani siku kadhaa ikiwa tupu, ukiinama, ukipanda ngazi na kufunga viatu.

Nimalizie na kurudisha kwenyewe. Mkono wa pili ukusanye nguo na kuzishikilia juu kifuani. Kidole cha shahada kinyooke ubavuni mwa bastola, juu ya kifyatulio. Tazama holsta kwa macho yako, kwa kuwa hakuna sababu ya kurudisha ukiwa unatazama pengine. Kama bado kuna jambo la kutazamwa mbele, basi bado si wakati wa kurudisha. Ingiza polepole, na ukihisi kizuizi kidogo tu, simama, toa, tazama. Anayevaa mbele aegemeze kiwiliwili nyuma na kusukuma nyonga mbele ili mtutu uuache mwili. Mwenye bastola yenye nyundo ya nje aweke gumba juu ya nyundo, maana ikianza kuinuka ataihisi kabla ya risasi. Wapo pia wanaoivua holsta, wakaiingiza bastola ikiwa mbele ya macho yao na mtutu umeelekezwa pahali salama, kisha wakaivaa holsta ikiwa tayari imebeba, na kwa holsta za kibanio imara naona ni utaratibu mzuri sana.

Karibuni kwa maswali na kunisahihisha.

FundiNgozi

Mkuu MwalimuShabaha, nakushukuru kwa somo. Nashona ngozi na nimetengeneza holsta nyingi, kwa hiyo niruhusu niitetee ngozi pale ilipotendewa haki nusu. Mkunjo ulioueleza ni kweli, lakini huipata ngozi nyembamba iliyoshonwa bila kuimarishwa mdomo. Holsta ya ngozi inayostahili jina hilo ina tabaka la pili kwenye mdomo, na mafundi wengi huweka bamba jembamba la chuma kati ya tabaka hizo, na mdomo huo haujifungi hata mkanda ukazwe vipi.

Ningeongeza kwamba mnunuzi aulize ngozi ililainishwa kwa kitu gani. Iliyolainishwa kwa magome ya miti hushika umbo na haili chuma haraka, wakati iliyolainishwa kwa kemikali za kromiamu ni laini mno kwa kazi hii na chumvi zake huleta kutu. Hata hiyo ya magome isitumiwe kuhifadhia bastola kabatini kwa miezi, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na kuukumbatisha na chuma. Tena, watu wasiipake mafuta ya kulainisha kama wapakavyo viatu. Mteja wangu mmoja alifanya hivyo kwa upendo kabisa, na holsta niliyoifinyanga kwa siku tatu ikarudi kwangu imelegea kama soksi. Sikumrekebishia, nilimshonea nyingine, ile ya kwanza nikaikata vipande ili asipate kumpa mtu.

MwalimuShabaha

Fundi, nakubali masahihisho yako yote, na hilo la kukata vipande nimelipenda. Holsta iliyochoka isigawiwe wala isiuzwe. Swali moja kwako: mpya ikibana mno, unashauri nini?

FundiNgozi

Bastola ikiwa tupu, ifunge kwa mfuko mwembamba wa plastiki, iingize, izungushe kidogo kushoto na kulia, uiache usiku mmoja. Asubuhi itatoka vizuri zaidi. Isilowekwe tena kwenye maji na isikaushwe kwa moto.

DadaMakini

Habari zenu ndugu zangu. Nina kibali na nimepata mafunzo, lakini maelezo karibu yote huchukulia kwamba mbebaji amevaa suruali na mkanda mgumu. Mimi mara nyingi huvaa gauni. Nimekuwa nikiiweka bastola kwenye begi la mkononi lenye mfuko maalumu wa zipu. Je, hilo ni kosa?

MwalimuShabaha

Dada, nashukuru kwa kuuliza waziwazi, na nakiri kwamba andiko langu lilikusahau. Nitakujibu kwa kisa kilichotokea Hayden, jimbo la Idaho, mwishoni mwa Desemba 2014. Mama mmoja kijana alikuwa dukani na watoto, bastola ikiwa katika mfuko wa zipu wa begi lililotengenezwa mahususi kwa kubebea silaha. Mtoto wake wa miaka miwili alifungua zipu, akaishika bastola, na risasi ikamuua mama yake. Begi huwekwa chini, huachwa kwenye kitoroli, huning'inizwa kitini na hunyakuliwa na wezi. Bastola iliyo mwilini huenda pale mwili uendapo, na hiyo ndiyo sababu siipendekezi kwenye begi kwa mtu yeyote, hasa mwenye watoto.

Kwa gauni, njia ninayoiona salama ni mshipi mpana wa kuvaa chini ya nguo ambao una holsta ngumu ya plastiki iliyofungwa juu yake, iliyofinyangwa kwa bastola yako. Usikubali ule wa lastiki mtupu wenye mfuko wa kitambaa, maana hapo kifyatulio kimelindwa na kitambaa tu. Kuichomoa chini ya gauni kutakuchukua muda zaidi, na pengine ubadili mtindo wa nguo, kwa mfano blauzi na sketi iliyotenganishwa. Ukilazimika kabisa kutumia begi siku fulani, liwe na sehemu yake pekee isiyoingia kitu kingine, ndani yake holsta ngumu iliyoshikizwa isizunguke, na begi hilo lisitoke mwilini mwako hata kwa dakika moja.

ZamuYaUsiku

Mimi ni mlinzi wa watu, nabeba chini ya koti. Nahofia kunyang'anywa kuliko kuangusha. Je, holsta zenye kufuli zinafaa kwa kubeba kwa kificho, na kuna tofauti gani kati ya ile ya kubonyeza kwa kidole na ile ya gumba?

MwalimuShabaha

Ndugu yangu, kwa kazi yako inafaa, mradi koti liruhusu unene wake. Tofauti uliyoitaja ni kubwa. Katika holsta ya gumba, unapoushika mpini gumba linashuka mahali pake pa kawaida na kufungua kufuli, na kidole cha shahada kinabaki kimenyooka. Katika ile ya kitufe cha pembeni, kidole cha shahada ndicho kinachobonyeza kuelekea ndani wakati huohuo bastola inatoka. Mtu akiwa na hofu hubonyeza kwa nguvu kupita kiasi, kidole kinaendelea kukunjika baada ya bastola kutoka, na kinatua kwenye kifyatulio. Shule kadhaa za mafunzo zimezikataza holsta za namna hiyo uwanjani, nami nimezikataza kwangu. Usiiamini pia namba ya ngazi ya usalama iliyoandikwa kwenye boksi peke yake, kwa kuwa watengenezaji hawahesabu kwa namna moja. Mpe mwenzako bastola ya mazoezi ya plastiki iliyo ndani ya holsta kiunoni mwako, mwambie aivute kutoka nyuma na pembeni, ndipo utajua unachokimiliki.

MkongweWaShabaha

Vijana, nimewasoma kwa heshima. Lakini mnahangaika na ukuta wakati mlango uko wazi. Msiweke risasi kwenye chemba. Wazee waliobeba Colt ya mwaka 1873, bastola ya silinda inayozunguka yenye nafasi sita za risasi, walitia risasi tano na kuiacha nyundo juu ya nafasi tupu, kwa kuwa pigo juu ya nyundo liliweza kuifyatua. Hawakuwa waoga, walikuwa na akili.

MwalimuShabaha

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako naiheshimu, na wanafunzi wangu wapya nawaambia wabebe chemba ikiwa tupu hadi mikono yao izoee kurudisha bila kosa. Wazee wale walikuwa wakitibu udhaifu wa silaha yao, na walifanya vyema. Pamoja na hayo, ninaona hatari katika kuifanya chemba tupu badala ya holsta nzuri. Mtu huamini kwamba chemba ni tupu, kumbe jana uwanjani aliirudisha ikiwa imejaa, na kwa imani hiyo huiweka bastola popote. Anayebeba chemba tupu naye abebe katika holsta inayofunika kifyatulio, sawasawa na mwenye chemba iliyojaa, ili siku akisahau, ukuta uwepo.

MkongweWaShabaha

Marahaba. Hapo tumeelewana. Basi waambie na skrubu, maana hujazitaja.

MwalimuShabaha

Kweli mzee, nilizisahau. Holsta za plastiki hushikwa na skrubu, na mwendo wa kila siku huzilegeza. Tia gundi ya skrubu isiyo ya kudumu, kisha chora kwa rangi mstari mmoja unaopita juu ya kichwa cha skrubu na kwenye plastiki. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Mimi huitazama kila ninapovaa. Wakati huohuo natafuta ufa kwenye kona ya kibanio, ambako plastiki huanza kuvunjika, na naung'uta mchanga ulioingia ndani.

DadaMakini

Nimefanya vile vipimo usiku huu, bastola ikiwa tupu na risasi zikiwa kabatini chumba kingine. Ile ya kitambaa imeshindwa kipimo cha kwanza: nilibonyeza kutoka nje nikasikia kifyatulio kikibofya. Nimekaa kitandani dakika kadhaa nikifikiria mara ngapi nimelibeba begi lile nikiwa na mwanangu. Nina swali la mwisho, naomba mnisamehe kwa kuliuliza: msalani mtu hufanya nini?

MwalimuShabaha

Dada, usiombe msamaha, kwa sababu bastola nyingi husahaulika na kuanguka mahali hapo kuliko watu wanavyopenda kukiri. Usiichomoe. Iache ndani ya holsta, na holsta ibaki kwenye mshipi. Kama ni mkanda wa suruali, ufunge tena juu ya magoti ili uzito usiipindue holsta, au holsta nzima ikiwa na bastola ndani yake uishushe ndani ya nguo iliyo mbele yako, kati ya magoti, mahali ambapo huwezi kusimama bila kuigusa. Usiiweke juu ya tangi la maji, wala juu ya kishikizo cha karatasi. Na usiitundike kwa pete ya kifyatulio kwenye ndoano ya mlango, maana anayeitundua huivuta kuelekea kwake, na ndoano inakuwa kidole.

DadaMakini

Nimeelewa. Begi limeshatolewa kile kifuko, nimekikata kwa mkasi kama alivyofanya Fundi. Bastola itabaki kwenye sanduku la chuma hadi holsta mpya ifike, nami nitaipima kwanza ikiwa tupu.